Nafasi Nne, Siyo Tab

Mwanangu Rehema,

Kila nikikumbuka Ijumaa moja pale Korogwe, ndani ya duka la steshenari la Mama Sechonge, masikio yangu yanapata moto. Habari yake nimeshaianza mara tatu katika daftari hili, na mara tatu nimeikata kwa kalamu. Leo naandika yote na sikati kitu. Wiki ijayo unaanza kidato cha kwanza katika shule ileile niliyotoka mimi, na Mwalimu Mgaza ameshamwambia mama yako kwamba atakuingiza kwenye klabu ya kompyuta.

Usicheke nikikuita mwanangu. Nina miaka kumi na minane na wewe kumi na mitatu, najua. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, na mama mdogo ana haki ya kutoa nasaha hata kama bado anaona haya kuagiza chai mgahawani. Ana kwa ana nisingeweza. Unanijua. Ningeanza kukung'uta sketi yangu, halafu ningesema nimesahau nilichotaka kusema.

Basi sikiliza.

Nilikuwa kidato cha tatu. Shule yetu hapa Handeni ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine sita, na katika hizo sita moja ilikuwa ya kuombea dua. Ile niliyozoea mimi, ya dirishani, kibodi yake ilikuwa imeng'oka kitufe cha Tab, kile kinachosogeza mstari uingie ndani kwa mruko mmoja. Palibaki kishimo tu. Ndiyo maana nilijifunza kuandika programu kwa kupiga nafasi: kila mstari unaotakiwa kuingia ndani, napiga nafasi nne kwa kidole gumba. Moja, mbili, tatu, nne. Sikuwa nimechagua, nilikosa kitufe tu.

Utafundishwa lugha inayoitwa Python. Katika lugha hiyo, mstari ulioingia ndani una maana yake. Unaiambia kompyuta kwamba mstari huu uko chini ya ule wa juu yake, kama mtoto na mzazi wake. Ukiingiza vibaya, kompyuta inagoma.

Mwaka ule shule yetu na shule moja ya Korogwe zilikubaliana kufanya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kwa pamoja, huko Korogwe. Mkuu wetu wa shule alitaka watahiniwa wachanganywe, wa Handeni akae karibu na wa Korogwe, ili wasinong'onezane. Majina yalikuwa zaidi ya mia tatu. Mwalimu Mgaza, yule wa hesabu, akasema klabu zetu mbili zitaandika programu ya kupanga viti. Mkuu akamjibu mbele yetu, na maneno yake nayakumbuka:

"Sawa, Mwalimu. Ila nikwambie ukweli. Mabweni yamejaa na magodoro mapya yanalala koridoni. Hizo kompyuta zako zisipoweza kufanya kazi hata hii moja, kile chumba nakifanya stoo."

Mwanangu, wewe umekulia kwenye simu ya mama yako, pengine huoni uzito wake. Kwangu mimi chumba kile kilikuwa mahali pekee shuleni ambapo sikulazimika kusema. Darasani nikiulizwa swali sauti inakwama. Kule niliandika, na kompyuta ikanijibu bila kunitazama usoni. Kwa hiyo nikaapa moyoni kwamba programu ile itafanya kazi.

Kazi tuligawana. Mimi niliandika sehemu ya kusoma majina. Hemedi, kijana wa klabu ya Korogwe, aliandika sehemu ya kugawa viti. Alikuwa na laptopu ya kaka yake, na kibodi yake ilikuwa nzima, kwa hiyo alipiga Tab kwa raha zake. Kazi zetu zilisafiri kwa flashi mfukoni mwa Mwalimu Mgaza, ambaye familia yake iko Mombo, na kila Ijumaa anapita Korogwe akienda nyumbani.

Wiki moja kabla ya siku ya kuchapa orodha, flashi ilirudi na kazi ya Hemedi. Nikaifungua. Mistari yake iliruka mbali, mara mbili ya yangu. Ukurasa ulikuwa kama watu wa vijiji viwili waliopangwa foleni moja bila kuelezwa. Nilijua pana jambo. Lakini Hemedi alikuwa ameweka kikaratasi: "Yangu imekamilika, msiguse." Nami nikaona aibu kumuuliza. Nitaonekanaje, msichana wa mashine isiyo na kitufe, kumsahihisha mwenye laptopu?

Unajua nilichofanya? Niliingia kwenye mipangilio ya edita, yaani ile programu tunayoandikia, nikaiambia ionyeshe kila Tab kwa upana wa nafasi nne. Ukurasa ukanyooka palepale. Kumbe sikurekebisha kitu. Nilibadilisha mwonekano tu, chini yake Tab zilibaki Tab na nafasi zikabaki nafasi.

Halafu Mwalimu akanikumbusha kwamba wenzetu wenye macho hafifu wanatakiwa kukaa mstari wa mbele. Nikachomeka mistari minne katikati ya kazi ya Hemedi, kwa nafasi zangu za kidole gumba. Nikahifadhi kwenye flashi. Kabla sijaijaribu, umeme ukakatika. Mwalimu alikuwa mlangoni na begi lake, gari linamsubiri.

"Tayari, Mwanahamisi? Umeshaijaribu?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikampa flashi.

Sikutamka neno lolote, ila uongo wa kichwa ni uongo vilevile. Nilitaka aondoke tu asiendelee kunitazama.

Wiki iliyofuata, Ijumaa hiyo ninayokusimulia, tulikwenda Korogwe: Mkuu, Mwalimu Mgaza na mimi. Orodha zilitakiwa kubandikwa milangoni jioni ileile. Printa ya shule ilikuwa imekufa, kwa hiyo tukaenda kuchapa kwa Mama Sechonge, karibu na stendi. Hemedi alikuwa ameshafika na laptopu yake. Mama Sechonge ni bibi wa Kishambaa, mnene kidogo, miwani yake kaifunga kwa kamba ya kiatu. Tulimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, anahesabu karatasi.

Mwalimu akatoa flashi mfukoni, Hemedi akaichomeka, akaiendesha programu. Ikagoma. Ikaandika kwa Kiingereza kwamba kwenye mstari wa arobaini na moja Tab na nafasi zimechanganywa.

"Mbona iko sawasawa?" akasema Hemedi. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Tazama, Mwalimu. Imenyooka kama rula."

Ilikuwa imenyooka kweli. Laptopu yake nayo ilikuwa inaonyesha Tab kwa upana wa nafasi nne. Akaufuta mstari, akauandika upya. Ikagoma mstari unaofuata. Akarudisha, ikagoma palepale pa mwanzo. Wateja wa fotokopi wakaanza kujaa. Mmoja akasema, "Oyaa dogo, hiyo mashine ina njaa, ipe ugali." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwalimu, nimejibana ukutani. Nilikuwa najua. Nilipoona tu nafasi zimetajwa nilijua ni mistari yangu minne. Saa nzima ikapita najua, na mdomo wangu umefungwa.

Mkuu akatazama saa. "Mwalimu Mgaza, nunua karatasi na kalamu, tuandike kwa mkono. Na Jumatatu magodoro yanaingia."

"Mkuu, nipe dakika..."

"Uliniambia imejaribiwa."

Mwalimu hakugeuka kunitazama. Akasema, "Ni kosa langu, Mkuu."

Mwanangu, kuna maumivu ya kukosea, na kuna maumivu ya kumwona mtu mzima anabeba kosa lako huku unajificha mgongoni kwake. Ya pili sikuyaweza. Nikatoka ukutani.

"Siyo lake. Ni langu. Sikuijaribu. Nilisema nimeijaribu, lakini umeme ulikuwa umekatika. Na hiyo mistari ni yangu, nimeandika kwa nafasi, Hemedi anaandika kwa Tab. Niliona tangu wiki iliyopita."

Nadhani sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu tangu nizaliwe. Hemedi akaniangalia kama nimeota pembe.

Mama Sechonge akaweka karatasi zake chini. "Hebu nioneshe hicho kitufe mnachogombania."

Hemedi akamwonyesha. Bibi akacheka.

"Huyu namfahamu! Mimi nilikuwa mchapaji wa ofisi ya shamba la mkonge, kabla mama zenu hawajaolewa. Kwenye taipureta kitufe hiki hakiandiki kitu, kinaruka tu. Kinaruka mpaka pale mwenye mashine alipoweka kizuizi. Mimi vizuizi vyangu nimeweka hapa, mwenzangu wa meza ya pili kaweka kule. Karatasi niliyoianza mimi akiimalizia yeye kwenye mashine yake, safu zinakwenda upande. Meneja alitutupia jedwali zima mezani. Tangu siku hiyo jedwali la watu wawili tulipiga nafasi, tunahesabu. Nafasi haibadiliki ikihama mashine."

Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikabadilika.

"Na wewe binti. Kukosea tumekosea wote. Lakini umetuangalia saa nzima tunapapasa, na jibu umelikalia. Watu watakwambia una haya, watakusifia una adabu. Mimi naona uchoyo. Ulikuwa na kitu tunachokihitaji sote, ukakificha ili wewe usitazamwe. Mwalimu wako karibu avuliwe nguo hapa kwa ajili ya uso wako."

Machozi yalikuja. Hakunibembeleza. Akavuta stuli kwa mguu. "Kaa. Rekebisha. Utalia baadaye."

Nikakaa. Nilijua la kufanya. Kwenye mipangilio ya edita kuna mahali pa kuonyesha alama zilizofichika. Nikapawasha. Palepale kila Tab ikaonekana kama mshale, na kila nafasi kama nukta. Mishale, mishale, mishale, halafu mistari minne ya nukta. Hemedi akapiga paja lake. "Ah! Kumbe!"

Nikageuza Tab zote za faili kuwa nafasi nne nne. Hemedi akaanza kulalamika, "Sasa mimi nitakuwa napiga nafasi mara nne kila mstari? Tab inaokoa muda, bwana."

Nikamjibu bila kukwama, mwenyewe nikajishangaa. "Hutapiga mara nne. Naiambia edita yako kwamba ukibonyeza Tab iweke nafasi nne yenyewe. Kidole chako hakipotezi kitu."

"Mh. Haya, fundi."

Tukaiendesha. Ikagoma tena! Mkuu akaguna. Safari hii lilikuwa kosa dogo, nilisahau alama ya nukta mbili (:) mwisho wa mstari mmoja katika ile minne. Hilo ndilo hutokea usipojaribu kazi yako. Nikaweka. Ikafanya kazi, majina yakaanza kushuka, chumba kwa chumba, wenye macho hafifu mbele. Printa ya Mama Sechonge ikaanza kulia.

Mkuu akasoma karatasi ya kwanza yote, kidole kikifuata kila jina. Akamwambia Mwalimu, "Magodoro tutayatafutia pengine." Kisha kwangu: "Wewe, kwa uongo wako, wiki mbili unafagia chumba hicho kila asubuhi." Nikasema asante. Akashangaa, nadhani.

Jumatatu, kabla ya kushika ufagio, nilikaa kwenye kila kompyuta, hata ile ya kuombea dua, nikaziwekea zote mipangilio ileile ya nafasi nne. Kuna wakubwa wa kidato cha nne walionicheka, wakaniita Mama Nafasi. Wacha waite. Walikuta mipangilio imebadilishwa wakairudisha, nami nikaibadilisha tena. Ilichukua muhula mzima. Nilimwomba Mwalimu dakika tano nisimame mbele ya klabu nieleze sababu. Nilieleza nikitazama sakafu, lakini nilieleza, na baada ya hapo hakuna aliyerudisha.

Sasa nakuambia wewe, mwanangu, bila kuzungusha. Siku ya kwanza utakapoketi kwenye mashine yoyote, kabla hujaandika hata mstari mmoja, fungua mipangilio ya edita. Iambie kitufe cha Tab kiweke nafasi, na nafasi ziwe nne. Washa alama zilizofichika ili uone ulichoandika hasa, usiridhike na kilichonyooka machoni. Ukipokea kazi ya mwenzako, itazame kwanza kabla ya kuchomeka yako, na ukiona haikuelei muulize, hata kama ameandika usiguse. Usiseme umejaribu kitu ambacho hujajaribu, si kwa mdomo wala kwa kichwa. Na ukijua lilipo kosa, sema wakati kusema bado kunasaidia. Sauti ikitetemeka iache itetemeke, watu watasikia tu.

Mimi bado ni mwoga. Sitaki kukudanganya kwamba nilipona siku ile. Kila mara nikitaka kusema jambo moyo unadunda vilevile. Nimeamua tu kwamba woga huo usiniamulie.

Nenda shule, mwanangu. Mungu akufungulie kichwa na mdomo kwa pamoja, akupe walimu wavumilivu kama Mgaza na wakali kama yule bibi, na kila kazi itakayotoka mkononi mwako ifunguke salama kwa yeyote atakayeipokea. Amina.

Mama yako mdogo,
Mwanahamisi