Mkubwa Kitini
Kinyozi wetu hapa Kitengela hugonga mashine kiganjani mara mbili kabla ya kunyoa. Akimaliza hupuliza shingo, hushika kioo kidogo nyuma ya kichwa na kuuliza, "Huku nyuma iko sawa, mkubwa?" Jumamosi tulipopanga laini kunyolewa vipara, tukichangia pesa za matibabu ya watoto wenye saratani, Seleyian wa miaka saba, mgonjwa mwenyewe, alipanda kitini. Dawa zilishamaliza nywele zake zote. Kinyozi alimfunga kitambaa, akagonga mashine mara mbili, akaipitisha juu ya kichwa kizima bila kukigusa, akapuliza shingo, akashika kioo.

"Huku nyuma iko sawa, mkubwa?"

"Punguza kidogo."

Kinyozi aliinama, akaangalia vizuri, akagonga mashine tena mara mbili.