Mama na kelele za kompyuta ya baba

Jamani, siwezi kukaa. Nazunguka uani hapa Musoma kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ile kompyuta ya baba, aliyoletewa na mjomba toka Nairobi enzi za ruksa, miaka ya themanini, leo nimemaliza kuitengeneza.

Programu zake ziko kwenye kanda. Unapiga kanda kwenye redio iliyounganishwa nayo, inatoa kelele mbaya dakika kadhaa, ndiyo kompyuta inasoma.

Nikawasha. Nikatoka nje, maana kusubiri nako siwezi.

Narudi, kimya! Mama kazima.

"Redio ilikuwa inakula kanda, mwanangu. Nimekuokolea."

"Mama! Hizo kelele ndizo programu yenyewe!"

Akasema polepole:

"Hata baba yako akitokaga nje, nilikuwaga nazima. Kanda zilikuwa zinapatikana kwa shida."

Mnaelewa lakini? Baba yuko Bunda, mpaka leo haongei na mjomba, eti shemeji gani anakuletea mashine mbovu isiyosoma kanda!

Nimerudia. Imefunguka safi kabisa.

Mama kanishika mkono: "Baba yako asijue."

Na simu ndiyo hiyo inaita. Ni baba.

Nipokee?