Prosesa Tatu Nilizodai Zimeibwa

Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, nilimfanya fundi wetu mwizi. Kompyuta ndogo ya klabu yetu ya kompyuta, shuleni Kasese, ilikuwa imerudi kutoka kwake Bwera baada ya matengenezo. Nilifungua faili ambamo kerneli, moyo wa mfumo, huorodhesha prosesa, bongo za kompyuta. Nne! Nikafungua kasha. Moja tu! Mimi ninayetetemeka hata kuitikia jina darasani nikamwandikia mwalimu wa klabu barua: "Fundi ameiba prosesa tatu."

Mwalimu akaapa kumnyima kazi zote za shule. Kufikia jioni shule nzima ilijua. Fundi akafika na boda, akapewa barua yangu na mwalimu, akaisoma mbele ya klabu.

"Mutoto yangu," akacheka, "prosesa iko hii moja. Ndani iko wapishi wawili, kila mutu na sufuria mbili. Kerneli inahesabu sufuria!"

Akanionyesha kwenye faili ileile namba za wapishi, yaani viini vya prosesa: mbili tu, kila moja imeandikwa mara mbili, kwa kuwa kila kiini hubeba kazi mbili kwa pamoja.

"Sasa mwizi iko wapi?"

Klabu ikaangua kicheko. Nilijificha nyuma ya daftari, nikacheka mpaka machozi.

Asubuhi yake nilisimama mbele ya paredi ya shule, mara yangu ya kwanza, nikasema kwa sauti: "Fundi hakuiba kitu. Mimi nilihesabu sufuria."