Mbwa Aliyeshonwa Kama Kochi

Nimeona vituko vingi kwenye karakana yetu ya makochi, lakini hiki sijawahi kukiona popote. Mtu kamshona mbwa kwa uzi wa nailoni, halafu anaita watu waje kuusifu mshono.

Ndugu zangu, sikusimuliwa. Mimi ndiye niliyemshika yule mbwa kichwa.

Karakana iko uani kwa shangazi yangu. Fundi mkuu ni kaka yake, baba mkubwa wangu. Mimi nakata vitambaa. Wateja wanamwita baba mkubwa Mshono, na hilo jina limempanda kichwani hadi anajiita mwenyewe.

"Kazi ya Mshono haina mwanya," huwa anasema. "Hata sisimizi hapiti."

Kwa makochi, sibishi. Yuko vizuri. Shida ni kwamba mtu akisifiwa kwa jambo moja, anajikuta anajua na mengine yote. Baba mkubwa alishawahi kutengeneza redio yetu. Haijasema neno tena mpaka leo.

Sasa, yule mbwa anaitwa Meneja, kwa sababu analala siku nzima na bado anakula. Ni wa shangazi. Shangazi ni mjane, watoto wake wako mbali na wanapiga simu wakikumbuka. Meneja ndiye anayesikiliza habari zake zote. Ukipita asubuhi unamkuta anamwambia mbwa alivyoota.

Siku ya tukio, Meneja alirudi anachechemea. Mbwa wa jalalani walikuwa wamemrarua paja la nyuma. Tundu za meno zilikuwa ndani kweli, na ngozi imefunguka kama mfuko uliochanika.

Shangazi akaanza kulia.

Nikasema, "Tuchemshe maji, tutie chumvi, yapoe, tuoshe jeraha vizuri. Tusilifunge. Halafu tumwite daktari wa mifugo."

Baba mkubwa akanitazama kama nimemtukana.

"Daktari wa nini? Hapo pamechanika. Kilichochanika kinashonwa."

"Baba mkubwa, hayo ni meno. Uchafu umeingia ndani."

"Wewe mtoto, umeanza lini kunifundisha kushona?"

Hapo mjadala ukaisha. Shangazi naye akaniambia nimwache kaka yake, anajua.

Anajua! Akachukua mpira wa pampu ya upepo, ule tunaopulizia vumbi kwenye makochi ya zamani, akalipuliza lile jeraha. Nadhani uchafu wote uliokuwa juu uliingia ndani kwa heshima zote. Kisha akatoa sindano ya kupinda, akaniamuru nimshike mbwa kichwa.

Akampigia mshono wa kuficha, ule wa viti vya mabosi, uzi hauonekani. Meneja alilia mpaka majirani wakaja ukutani. Alipomaliza, akapitisha kidole juu ya paja na kutabasamu.

"Mmeona? Hakuna mwanya."

Jirani mmoja akapiga picha akairusha kwenye simu. Watu wakamwagika uani kuangalia. Mteja mmoja alikuja kuchukua stuli, akamtazama mbwa, akasema anataka mshono kama ule kwenye kochi lake la watu watatu. Nikaangalia pembeni nisije nikasema neno la kuvunja undugu.

Siku chache zikapita. Paja likavimba.

"Unaona linavyojaa?" akasema baba mkubwa. "Nyama inarudi."

Nyama gani inayorudi na harufu? Ngozi ilikuwa ya moto, inang'aa, na Meneja aliacha kula. Meneja, ndugu zangu! Mbwa ambaye hajawahi kukataa hata kipande cha sponji.

Ikawa zamu ya majirani sasa. Mmoja akaleta oili chafu ya gari. Mwingine akasema majivu. Fundi baiskeli akapendekeza maji ya betri, na alikuwa hatanii. Kila mmoja alikuwa na ndugu aliyeponyeshwa hivyo. Nikauliza hao ndugu wako wapi tuwaone, kila mtu akakumbuka ana kazi kwake.

Shangazi alikaa sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani mwake.

"Akifa huyu," akasema, "mimi nitaongea na nani humu ndani?"

Alisema polepole tu, lakini baba mkubwa alisikia. Niliona nyundo imesimama mkononi mwake. Kisha akaendelea kugonga misumari kana kwamba mbao zimemkosea.

Nikavua aproni nikaenda kumtafuta daktari wa mifugo. Nilimkuta kwenye mabanda ya ng'ombe, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Tukarudi mchana, karakana ikiwa kimya kwa sababu watu wameenda kula. Shangazi alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye kiti.

Meneja alikuwa amelala pale pale. Lakini paja lilikuwa limenywea.

Sehemu ya chini ya mshono ilikuwa wazi. Usaha ulikuwa umetoka mwingi, na mtu alikuwa ameupangusa kwa kitambaa safi. Pembeni palikuwa na bakuli la maji ya chumvi, bado vuguvugu.

Daktari akachuchumaa, akapapasa, akainua kichwa.

"Nani amefungua hapa?"

Baba mkubwa alikuwa kwenye meza ya kazi, ametupa mgongo.

"Hakuna," akasema. "Labda mbwa amejilamba."

"Kwa hiyo mshono wako umefumuka wenyewe?" nikamuuliza.

Mngemuona! Akikubali kwamba umefumuka wenyewe, jina la Mshono limekwisha mjini. Akikubali kwamba kaufungua yeye, basi alikosea kuufunga. Akachagua kurudi kwenye kazi yake, na mimi nikafurahi kupita kiasi.

Daktari hakuwa na muda wa furaha yangu.

"Aliyefungua amemuokoa huyu mbwa," akasema. "Jeraha la meno ukilifunga, uchafu unaozea ndani. Lakini sikilizeni. Hawa mbwa waliomng'ata hatuwajui. Kuna mtu yeyote Meneja amemng'ata wakati akifunguliwa?"

Baba mkubwa akaendelea kupanga misumari.

"Kichaa cha mbwa hakina mzaha," akaendelea. "Dalili zikishatokea, hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Nauliza tena."

Ndipo nikaona mkono wa kushoto wa baba mkubwa. Alikuwa ameuficha mfukoni tangu tuingie. Anafanya kazi ya mikono miwili kwa mkono mmoja!

Furaha yote ikanitoka. Nilimwogopea, na wakati huo huo nilimchukia, kwa sababu nilijua yule mtu alikuwa tayari kufa kuliko kusema amekosea.

Shangazi alikuwa ameamka. Akaenda mpaka mezani, akamvuta mkono mfukoni kama anamnyang'anya mtoto pipi. Ulikuwa umefungwa kitambaa cha kochi, kimelowa damu.

"Kaka," akasema, "nimebaki na nyinyi wawili tu. Wewe na huyo mbwa. Unataka kunipunguzia?"

Baba mkubwa akatazama chini. "Ulikuwa unalia," akasema. "Nikaona bora nifumue wakati hakuna mtu."

Tukamwosha mkono kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, muda mrefu, kama daktari alivyotuelekeza. Kisha nikampeleka zahanati.

Muuguzi akamchoma sindano ya kwanza ya kinga ya kichaa cha mbwa, akampangia nyingine, akalisafisha jeraha. Kidole gumba kilikuwa kimechanika vibaya. Akaweka shashi, akaanza kuandika dawa.

Baba mkubwa akakitazama kidole, akamtazama muuguzi. Nikajua anachotaka kusema. Nikaomba asiseme.

Akasema.

"Sasa mama, mbona unaniacha wazi hivi? Hushoni?"

"Mzee, hilo ni jeraha la meno."

"Najua. Lakini pana mwanya!"

Meneja amepona, anachechemea kidogo, na amerudia kula bila kufanya kazi. Baba mkubwa naye amepona. Sasa anawaambia wateja kwamba majeraha ya meno hayashonwi, jambo ambalo, kwa maelezo yake, aligundua mwenyewe.

Funzo? Mbwa wako aking'atwa, muoshe jeraha, usilifunge, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Uking'atwa wewe, sabuni na maji mengi, halafu zahanati siku hiyo hiyo, hata kama aliyekung'ata unamlisha mwenyewe.

Na ukikosea, fumua. Ila usisubiri watu waende kula.