Robo Kibaba ya Zeituni

Hadi leo nikiona mashua imeegeshwa uani kwa mtu, damu hunichemka. Houston imejaa mashua za namna hiyo, zimekaa juu ya trela mwaka mzima, maji zinayaona siku za sikukuu tu. Kwa ajili ya mashua moja, mtu mzima na akili zake aliukata mzeituni wa mama yake.

Mama mzee huyo nilimhudumia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kila asubuhi nilitoka kwangu Sugar Land, pembezoni mwa jiji, kwenda kumwogesha, kumpikia na kumtia dawa ya macho. Alikuwa Myahudi, mjane, na macho yake yalikuwa karibu kuzima. Mzeituni ulisimama nje ya dirisha la jikoni. Marehemu mumewe aliupanda mwaka aliozaliwa mtoto wao wa pekee, kwa sababu kwenye Zaburi watoto wanaoizunguka meza hufananishwa na machipukizi ya mzeituni. Kabla ya chai lazima aniulize, "Mti umeamkaje?" Mwanzoni nilicheka moyoni. Kwetu Nyandarua mzeituni wa mwituni, mutamaiyo, ni nguzo za ua na makaa mazuri, sijapata kusikia mtu akiujulia hali.

Mtoto aliyepandiwa mti sasa alikuwa na mvi na kazi nono kwenye kampuni ya mafuta, yale ya kuchimbwa. Alinunua mashua, kwake nafasi hakuna, akaona ingetosha ubavuni mwa nyumba ya mama yake mti ukiondoka. Mama akamwambia Torati inakataza kukata mti wa matunda, hata vitani, hata uwe wa adui.

"Mama, mti huu haujawahi kuzaa," akacheka. "Huo ni mti wa matunda gani?"

Kwa bahati mbaya alisema kweli. Kwa ile baridi haba ya Houston, mzeituni huo ulikuwa majani tu. Mama akampigia simu rabi wake, sauti ikasikika chumba kizima. Rabi akaeleza kwamba mtende ukizaa kibaba kizima haukatwi, ila mzeituni, kwa heshima yake, hata robo kibaba inatosha, kwani mafuta yake ndiyo yaliyowasha taa ya hekalu na kupaka wafalme. Wakakubaliana kwamba mwana angerudi msimu wa matunda. Robo kibaba ikikosekana, angekata.

Baridi iliyofuata ilikuwa kali hadi mabomba ya maji yakapasuka mtaani, na mzeituni kumbe hupenda hivyo. Ulichanua, na kufikia Oktoba ukawa na zeituni za kuonekana. Nilimshika mama mkono nikampeleka kwenye tawi la chini, akazipapasa moja moja huku akicheka. Wiki hizo hata mimi nilikuwa nikiujulia mti hali.

Jumatatu moja nikafika, nikakuta mti mtupu.

Aliyenipokea kazi wikendi alikuwa mama Mkongo, mkimbizi, mcha Mungu asiyekosa kanisani. Nilimkuta jikoni akifunika chupa yenye mdomo mpana, zeituni zimejaa ndani ya maji ya chumvi.

"Mama, usikasirike," akasema aliponiona uso. "Niliona ile matunda iko inaanguka bure. Biblia inasema, zeituni yenye inabaki kwa muti ni ya mugeni na ya mujane. Miye niko mugeni, niko mujane. Sasa kosa yangu iko wapi?"

"Iliyobaki, mama! Biblia inasema iliyobaki! Wewe umebakisha gani? Sasa tuta-prove aje, na huyo mtu anakuja kesho?"

Akakaa chini, akashika kichwa. Hakuna aliyemweleza habari za robo kibaba, na hilo nalo likaniudhi, kwa sababu nilikosa hata mtu wa kumlaumu.

Mwana alipokuja, mama Mkongo naye akiwa amekuja kushuhudia, nilimletea chupa. Nikazipima kwa kikombe mbele yake, zikatosha na kubaki. Akatazama mti, akatazama chupa, halafu akatutazama sisi wanawake wawili kutoka juu hadi chini.

"Hizo ni za dukani," akasema.

Yaani tulikuwa waongo. Tunamwogesha mama yake, tunamkata kucha, tunabeba funguo za nyumba yake, lakini neno letu halikuwa na uzito wa zeituni moja. Mama akasema alizishika mwenyewe mtini. Mwanawe akamjibu kwamba macho yake hayaoni.

Alhamisi nilimpeleka mama kwa daktari wa macho. Kabla hatujarudi, mwana akanipigia simu. Mti umekatwa, akasema, ila mama asiambiwe, kwani hataona. Kuona! Mama alishuka garini, akanusa hewa, akasimama.

"Mti umeamkaje?" akauliza, na ilikuwa mchana.

"Mwanao ameukata," nikamwambia. Nikampeleka, akapapasa kisiki pande zote. Mimi nililia kwa hasira. Yeye hakulia.

Ijumaa mwana alikuja kula chakula cha Sabato kama kawaida, bila aibu. Nilikataa kwenda nyumbani. Mama akamwekea mikono kichwani akambariki, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu akiwa mchanga, na mimi mlangoni mwa jikoni nimeshika sufuria, natamani kumtwanga nayo. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini jioni ile nilimkasirikia hata mzazi. Nilitaka amnyime ile baraka.

Kisha akaniita nilete bakuli aliloniagiza niandae. Nikaliweka mbele ya mwanawe. Zeituni zilikuwa zimekaa siku chache tu ndani ya chumvi.

"Kula, mwanangu," akasema. "Za dukani."

Akatia moja mdomoni. Zeituni ambayo haijakolea chumvi ni chungu kuliko mwarobaini. Uso ukamkunjamana, akaitema kwenye kitambaa.

"Hizi si za dukani!" akafoka. Kisha akageuka kunitazama, kitambaa bado mkononi.

Mama alikuwa akipapasa meza, akitafuta chumvi ya kuchovyea mkate.

"Tulikuambia," akasema, nami nikamsogezea kisahani.