Kitambaa Chekundu cha Fundi Breki

Fundi Breki hakuwa mtu wa kuogopa mlima. Jina lenyewe alilipata kwa kuwa hakuna baiskeli iliyotoka kwenye karakana yake kabla hajaipanda mwenyewe, akaiachia mteremko ulio nyuma ya kituo cha mafuta, kisha akakamata breki ghafla huku mwenye mali akitazama roho juu. Ikiwa na kasoro, aliifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, na hakuna aliyeruhusiwa kukifungua ila yeye. Hapo hata ulie, huipati. Meneja mmoja wa benki alimbembeleza saa nzima, kesho yake ana mashindano, akarudi kwake kwa miguu na suti yake.

Kwa hiyo wateja wake, watu tisa wanaopanda milima kwa baiskeli kila wiki kama wametumwa, walipopanga likizo ya siku kumi nje ya nchi, walisema bila fundi hawaendi. Tiketi walimkatia. Bima ya safari kila mtu ajichagulie, na karatasi zifike Jumatatu.

Jumamosi mchana mkewe, Mama Pacha, mwalimu wa shule ya msingi, alifuta meza, akapanga fomu mbili na kuvaa miwani. Kwa maandishi madogo, mama huyu hapigwi chenga.

"Hii ya kwanza bei yake nafuu," alisema, "lakini sikiliza. Haihusu kuendesha baiskeli nje ya barabara. Sasa ninyi mnakwenda kuendeshea wapi, sebuleni?"

"Iweke pembeni."

"Hii ya pili inahusu mlima. Kuokolewa kwa helikopta, kulazwa, kurudishwa nyumbani mgonjwa." Akashusha sauti. "Na kurudishwa mwili."

"Hawa nao wanafikiria mbali," Fundi alisema.

"Ndiyo kazi yao. Haya, maswali. Kisukari?"

"Sina."

"Presha?"

"Sina, si unanijua?"

"Umewahi kuzirai au kupoteza fahamu ndani ya miaka miwili iliyopita?"

Wiki sita nyuma Fundi alikuwa peke yake karakanani, akinyoosha gurudumu. Alilizungusha kwa mkono alione linavyokwenda, mara giza likamjia. Alipofumbua macho alikuwa sakafuni, kidevu kinavuja damu. Gurudumu lilikuwa limesimama tuli, na yeye alijua fika kwamba gurudumu lile, ukilizungusha, halisimami kabla ya dakika mbili. Nyumbani alisema spana imeteleza. Mama Pacha alimwosha kidonda huku akimtania kwamba hata spana zimemchoka.

"Hapana," alisema.

Mama Pacha akaandika Hapana, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, mkubwa na safi.

Fundi alijifanya anakwenda kununua mkate. Kwenye kona akampigia simu wakala wa bima, dada mmoja mpole aliyewaletea fomu. "Dada, nina rafiki yangu," alianza. "Aliwahi kuanguka kidogo tu. Akiandika hapana?"

"Kaka, mwambie huyo rafiki, akipata ajali huko tutaomba rekodi zake za hospitali. Tukikuta alificha, hatulipi kitu. Atakuwa amenunua karatasi tu."

"Na akisema ukweli?"

"Ataleta cheti cha daktari. Daktari akimruhusu, anasafiri." Kisha akauliza, "Kwani hospitali ameshakwenda?"

Fundi alikata simu bila kuaga. Rekodi hakuna, alijiambia, nani atajua? Lakini wazo hilo halikumpa nafuu, kwa sababu kilichomtisha si bima. Baba yake alianza hivihivi. Alianguka mara ya kwanza, akasimama na kucheka. Mara ya pili hakusimama.

Usiku ule hakulala vizuri, na Jumapili asubuhi akatoka barazani kuitazama baiskeli yake, imesuguliwa ikang'aa, tayari kwa safari. Alibinya breki ya mbele, akabinya ya nyuma. Zilishika sawasawa. Akajiona kwenye njia nyembamba, korongo upande mmoja, watu wanane nyuma yake na mmoja mbele, na lile giza linakuja. Mtu aliyezirai hakamati breki.

Alirudi ndani amwambie mkewe, akaishia kuuliza chumvi iko wapi wakati hata chai haijaiva. Akajikaza kisabuni, akaingia tena, ulimi ukawa mzito vilevile. Basi akatoka, akafungua mkoba wake wa kazi na kufanya kile alichokijua.

Mama Pacha alipotoka na ndoo ya nguo za kuanika, alikikuta kitambaa chekundu kwenye usukani.

"Baba Pacha, hii si ulisema iko tayari? Ina nini?"

"Baiskeli haina kitu."

Mama Pacha alimtazama. Akakitazama kitambaa, kisha lile kovu la kidevuni, na ndoo akaiweka chini taratibu.

"Ile spana," alisema.

"Hapakuwa na spana."

Mama Pacha aliketi kwenye ngazi. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na fomu, na lile neno lake safi akalikata kwa mstari mmoja.

"Kesho tunaanzia hospitali," alisema. "Wenzako nitawapigia mimi."

"Sawa." Alinyoosha mkono kwenye usukani akifungue kitambaa, walau kisionekane na majirani.

"Kiache," mkewe alisema. "Hicho nitakifungua mimi."