Kutua kwa Magurudumu Ziwani

Rubani Ristin Sarri, mwanamke aliyewarusha kwa ndege yake wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi kutoka mjini hadi maziwa ya milimani alikuwa na desturi moja. Kabla ya kutua husema kwa sauti, "Maji. Magurudumu juu," na abiria humjibu, "Juu." Ndege yake ilielea kwa maboya mawili, na kila boya lilikuwa na magurudumu yake ya kukunjwa. Uwanjani huyashusha, ziwani huyakunja. Akisahau, maji huyakamata magurudumu na ndege hupinduka.

Asubuhi ile alimbeba kaka yake Niillas kwenda kukata ndama alama za masikio, za kuonyesha ni wa nani. Tangu waruke walikuwa wakirushiana maneno kama mawe.

"Ndama wangu umemtia alama yako," Niillas alisema. "Mwizi!"

"Alikuwa akimfuata jike wangu, kaka. Macho yako yamezeeka."

"Mdomo wako ndio hauzeeki!"

Ziwa likatokea, maji tuli. Ristin akaanza kushuka.

"Maji," akasema.

"Kojoa humo!" Niillas akamkamata bega akamtikisa. Ristin akampiga kiwiko cha pua. Damu ikaruka kiooni, na neno la pili, la magurudumu, halikusemwa.

Maji yakayadaka magurudumu. Ndege ikapinduka kichwa chini, kioo kikapasuka, baridi ikaingia kama kundi la mbwa. Ristin alining'inia kwenye mkanda wake. Akajifungua, akaanguka, akapapasa. Niillas alikuwa akitapatapa, akamng'ata mkono hadi mfupani. Ristin akamtwanga ngumi ya taya, akaufungua mkanda wa kaka yake, akamvuta kwa nywele kupitia dirisha lililovunjika.

Walipanda juu ya boya. Juu yao magurudumu yalikuwa bado yakizunguka, yakidondosha maji.

Niillas alitapika maji na damu. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Ng'ambo watu walikuwa wakisukuma mtumbwi.

"Waambie ni upepo uliotupindua," alinong'ona.

"Upepo gani, kaka? Ni mimi. Sikumaliza kusema."

Macho ya Niillas yakaanza kufumbika. Ristin akamlalia kumkinga na baridi, akampiga kofi.

"Usilale! Nitukane."

"Nimechoka."

"Nitukane, nakwambia!"

"Rubani gani wewe," akasema Niillas kwa meno yanayogongana. "Hata bata anajua ziwa si barabara."

"Endelea."

"Mama... alipaswa kukufundisha kushona."

"Endelea, kaka."

Aliendelea, neno moja moja, dadake akimshikilia uso kwa mikono miwili, hadi makasia yakasikika.